Mama Mkwe, Kuku na Njia ya Maji

Nilinunua uwanja wangu mwezi wa saba. Mtu wa Kamina akisoma sentensi hiyo atacheka kabla hajafika kwenye nukta, lakini kwa wengine inabidi nieleze. Mwezi wa saba kwetu ni vumbi tupu. Nyasi zimeungua, udongo umepasuka, na anayekuuzia parseli, kipande cha ardhi cha kujenga, anaweza kukusimamisha chini bondeni, akanyoosha mikono, akakuambia tazama uwanda, nawe ukautazama uwanda. Mimi nilisimamishwa kati ya tuta la reli na barabara inayokwenda kwenye kambi ya jeshi. Nikaona pamelala vizuri, pameinama kidogo katikati kama sahani. Nilikuwa na diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, jiografia nilifaulu, mito mikubwa ya dunia naweza kukutajia hadi leo bila kupumua. Lakini sikujiuliza mvua ya Kamina ikishanyesha inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda kwangu.

Sikuwa mjinga peke yangu. Kartie yetu nzima, mtaa wote, ilinunuliwa kati ya mwezi wa sita na wa nane. Hakuna ofisi iliyopima kitu, hakuna mtaro uliochimbwa, hakuna jiwe la mpaka. Kulikuwa na muuzaji mmoja tu mwenye kofia, na kuanzia mwezi wa kumi na moja simu yake ilikuwa haipatikani.

Mvua ya kwanza ilipotuonyesha tulichonunua, kila nyumba ilianza kujitetea kivyake. Tuliweka miguu ya vitanda juu ya matofali. Tulifunga miti chini ya malata ya paa, tukapandisha huko unga, nguo za kanisani, na vyeti vya watoto ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mbabula, lile jiko letu la makaa, ilipata msumari wake ukutani. Kisha watu wakaanza kuinua viwanja. Jirani wa kwanza alimwaga udongo wa kichuguu, maji yakahamia kwa wa pili. Wa pili akamwaga majivu na vipande vya matofali, maji yakahamia kwa wa tatu. Hivyo hivyo hadi kwangu. Mimi sikuinua, kwa sababu udongo hauji nyumbani wenyewe, lazima uufuate. Kwa hiyo nikawa ninapokea mvua ya watu sita, na ya saba ni yangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu ana maneno mengine ya kulieleza jambo hilo. Yeye anauza samaki wakavu. Anapanda treni hadi Bukama, ananunua kwa wavuvi mtoni, anarudi na mafurushi yanayonuka hadi mwisho wa safu yetu ya nyumba. Anaijua reli hadi Bukama na mbele yake. Mimi naijua hadi pale ninapoisikia nikiwa nimekaa. Kazi yangu ni kunyoa. Nina kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, kioo kimoja, mashine inayokula umeme wa jua, na vyote viko kwenye barza ya nyumba yangu, ili vichwa vije vyenyewe.

"Bwana yangu hapoteake," mke wangu huwaambia wenzake sokoni. "Ukimutafuta, angalia fasi ulimuachaka."

Hivyo tuliishi, kila mwaka tukichota maji na kungoja kiangazi, hadi mama mkwe alipokuja.

Alitoka Kabondo-Dianda, siku mbili za barabara mbaya, kwanza juu ya baiskeli, kisha juu ya lori la mihogo, akiwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Hospitalini waliagiza kisafishwe na kufungwa mara mbili kwa wiki, kwa miezi mingi, na kisiguse maji machafu hata kidogo. Mke wangu alinitafsiria agizo hilo kwa macho tu. Nyumba yetu ilikuwa inakunywa maji machafu kila mwaka ifikapo mwezi wa pili.

Sasa, kwetu Waluba, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hamtazamani usoni. Hamli pamoja. Hamkai chumba kimoja, wala hamsemezani moja kwa moja. Kijijini, ambako kuna nafasi, hilo ni jambo zuri na linapunguza ugomvi. Katika nyumba ya vyumba viwili na barza moja, tuliishi kama treni mbili kwenye reli moja. Yeye akitaka kutoka, alikohoa mara mbili ndani, nami nikageukia kioo hata kama kichwa cha mteja kilikuwa upande mwingine. Mimi nikitaka kupita nyuma ya nyumba, nilipiga mluzi. Wateja walidhani nina furaha.

Alipokuwa na jambo la kunifikishia, alimwambia kuku. Alikuja naye kwenye lori, kuku mwekundu mwenye shingo tupu, asiyetaga wala kuliwa. Mama mkwe alikaa nyuma ya nyumba, mguu juu ya kigoda, akasema kwa sauti ya kufika hadi mbele.

"Kuku, malata inavuja pembeni ya kitanda yangu. Sijui kama benyewe banajua."

Nami nilijibu kupitia mteja. "Kesho nitapanda kutengeneza paa," nilimwambia mtu mwenye povu masikioni, ambaye hakuwa ameuliza.

Mwezi wa pili mvua ilianza asubuhi, na saa nane mchana maji yakaingia, kupitia mlangoni kwanza, kisha chini ya ukuta wa nyuma. Mke wangu alimbeba mama yake mgongoni, watoto wakishikilia ule mguu wenye bandeji uwe juu, wakatafuta mahali pakavu. Kitanda kilikuwa juu ya matofali mawili. Maji yalikuwa juu ya matofali mawili na nusu. Mahali pekee pa juu katika nyumba nzima palikuwa kiti changu cha kunyolea. Wakamkalisha hapo, nami nikiwa hapo hapo barzani, hatua moja kutoka kwake.

Nilitoka. Ningefanya nini? Nilisimama nje chini ya ukingo wa paa, mgongo kwa nyumba, maji magotini, mvua kichwani, masaa matatu, kwa heshima. Jirani yangu wa upande wa reli, mke wa sajenti, alikuwa dirishani kwake anatafuna karanga.

"Papa kinyozi," akaniita, "unaoga na nguo?"

"Ninalinda nyumba," nikajibu.

"Nyumba iko ndani. Weye uko inje."

Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akisema na kuku, aliyekuwa mapajani mwake. "Kwetu maji inakuyaka kila mwaka, tena mingi kupita hii. Lakini hatuikalake ndani yake. Hawa bantu ba Kamina banaikala mu maji sawa sabuni mu beseni."

Maji yalipopungua, bandeji ilikuwa imelowa. Wiki nzima kidonda kilivimba, na muuguzi alimgombeza mke wangu kama vile yeye ndiye aliyenyesha.

Mke wangu hakunipigia kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye kiti changu, akajizungusha polepole hadi tukaangaliana ndani ya kioo.

"Papa, sikiliza. Hii mvula imebakia, nitavumilia. Lakini ile ya mwaka ya mbele, maji ikifika tena ku kitanda ya mama, namurudisha Kabondo. Na minyi na batoto tunaenda naye. Tutarudia mwezi ya tano."

"Na hospitali?"

"Njo vile. Kule hakuna wa kumufunga ile kidonda. Mama atapoteza mguu, na weye utabakia na kiti yako."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma saa za treni. Nilijua kwamba atakwenda. Mke wangu akisema anasafiri, anasafiri.

Nikafanya kile ambacho mtu mwenye diploma hufanya. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilinunua sima, ile saruji ya mifuko, nikajenga kizingiti cha kufika magotini kwenye milango yote miwili, mbele na nyuma. Kilikuwa kizuri. Nilikilainisha kwa kijiko. Mke wangu alikiruka mara ya kwanza akasema hajui kama ameingia nyumbani au amepanda mtumbwi.

Mvua ya mwisho ya mwezi wa nne ilikuja kukijaribu. Maji yalifika mlangoni, yakakuta kizingiti, yakasimama. Nilisimama ndani nikiyatazama kwa dharau. Kisha nikasikia baridi kwenye nyayo. Kuta zetu ni za matofali mabichi, zimekaa juu ya udongo mtupu, na maji yalikuwa yamepita chini yake, yakachipuka katikati ya chumba kama chemchemi. Yalipanda hadi chini kidogo ya kitanda, ambacho sasa kilikuwa juu ya matofali manne. Nje mvua ilikatika, uwanja ukanywa maji yake. Ndani yalibaki, kwa sababu nilikuwa nimeyafungia kwa sima bora. Tulichota kwa masufuria siku mbili, tukimwagia dirishani.

Kitanda hakikuguswa, na mvua za mwaka huo alikuwa ameahidi kuzivumilia, kwa hiyo mke wangu hakuwa na la kutekeleza. Alikuwa na la kusema, lakini alilitunza. Mama yake hakulitunza.

"Kuku, nimeona bantu mingi banafungaka maji inje. Hii njo mara ya kwanza naona muntu anaifunga ndani. Pengine anataka kufuga samaki, binti yangu asipande tena treni."

Nilivunja vizingiti kwa nyundo. Kisha nikafanya jambo ninalolihesabu kuwa la akili kuliko yote niliyofanya tangu nimalize shule. Nilihamisha kiti changu hadi kwenye kona ya barza, pale ambapo sauti za nyuma ya nyumba zinafika vizuri, nikaanza kusikiliza masomo ya kuku.

Kiangazi kile kuku alifundishwa mengi. Alifundishwa kwamba kwao, kando ya maji makubwa, hakuna anayeinua uwanja, wanainua sakafu. Kwamba nyumba inavalishwa mkanda wa udongo wa kichuguu kuizunguka chini yote, unene wa mkono mzima, kimo cha goti, ukiteremka kama bega ili maji yasiegemee ukuta. Kwamba udongo huo hauwekwi kwa siku moja na mtu mwenye haraka, bali tabaka kwa tabaka, kila moja likipondwa likiwa bado na unyevu, hadi ukilipiga ngumi uumie wewe. Mama mkwe alimweleza kuku yote haya, akarudia, na siku nilipokosea akarudia polepole zaidi, kama kwa kuku mzito wa kuelewa.

Vichuguu vya kartie yetu vilikwisha zamani kwa kutengeneza matofali. Kilichobaki kilikuwa ng'ambo ya barabara, mwendo wa nusu saa. Nilitoka. Nimeliandika hapa ili mke wangu asiseme halikutokea. Nilisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya udongo, asubuhi na jioni, miezi miwili, na kila nilipopita watu walitoka nje kunitazama.

"Papa kinyozi, bamekufukuza?" waliuliza.

"Bado," niliwajibu.

Mwezi wa nane sakafu ilikuwa imepanda shibiri nzima, na nyumba ilikuwa imevaa mkanda wake. Ilikaa kama mama mnene aliyefunga vitenge viwili. Nilijivuna. Nikanyoa vichwa siku nzima nikiwaelekeza wateja waitazame.

"Kuku," ikaja sauti, "sasa nyumba iko muzuri. Inabakia tu maji ipate kwa kwenda. Ku kwetu tunachimba njia ya maji mbele ya kujenga. Hapa balijenga kwanza."

Njia. Toka kona ya nyumba yangu hadi kwenye mfereji wa kando ya reli ni hatua arobaini. Tatizo ni kwamba hatua zote arobaini zimo ndani ya parseli ya mke wa sajenti.

Alikuwa mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyeletwa kutoka mbali na kazi ya mume wake, na mume alikuwa kambini mara nyingi kuliko nyumbani. Alikaanga mikate nyuma ya nyumba na kuiuza barabarani. Uwanja wake ulikuwa umeinuliwa kuliko yote. Miaka tisa nilikuwa jirani yake, na sikuwahi kuingia kwake. Siku nilipoingia, aliweka chini mwiko.

"Papa kinyozi. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kutembea."

"Weye. Kutembea." Alivuta kiti. "Ikala. Ngoja niite batoto bakuone."

Nilimweleza habari ya mtaro. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua tena mwiko.

"Papa, nilibeba huu udongo na kichwa yangu. Maji ikaenda kwako. Sasa unataka niiite irudie kwangu?"

Hapo ndipo maisha yangu ya kukaa yalipozaa faida ya kwanza. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine katika safu alikuwa nacho: nilikuwa nimekuwepo. Wengine mvua ikinyesha mchana wako sokoni, kazini, barabarani. Mimi nilikuwa nimeketi nikitazama maji yanavyokwenda, kila mvua, miaka tisa.

"Mama," nikamwambia, "hayakuenda kwangu yote. Umeinua mbele, nyuma hukuinua. Mvua ikikolea unapandisha mbabula juu ya meza. Ikizidi unapandisha meza juu ya benchi. Mwaka huu ulikaanga mikate ukiwa umesimama juu ya ndoo."

Akanitazama. "Nani alikuambia?"

"Dirisha langu."

"Miaka yote unaniangaliaka?"

"Sina mahali pengine pa kuangalia. Maji yako yamebanwa kati ya uwanja wako na tuta la reli. Tukichimba njia, yangu yatapita, na yako yatayafuata."

Aligeuza mikate yote ya sufuria, mmoja mmoja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua kwamba anacheka.

"Sawa. Lakini utachimba weye. Si muntu ya kulipa. Weye, na hii mikono ya makasi. Na minyi nitaikala pa kiti na karanga yangu, nitakuangalia. Sasa ni zamu yangu."

Nikachimba. Alikaa kwenye kiti, na siku ya pili alikuwa ameongeza viti vitatu kwa ajili ya marafiki. Nilikuwa nimechora mpango kwenye daftari la mtoto. Nilivuta kamba toka kona ya nyumba hadi kwenye mfereji, moja kwa moja, kwa sababu mstari mfupi kuliko yote kati ya nukta mbili ni ulionyooka, nilisoma hivyo na nikakipata cheti. Siku nne. Viganja vilichubuka hadi nikashindwa kushika mashine, na kartie ikaota nywele.

Siku ya tano tulijaribu. Mke wangu alikuwepo, na mama mkwe alikuwa ametoka kwa fimbo hadi kwenye ua wa majani unaotutenga na jirani, akiwa amegeukia upande mwingine kwa adabu. Nikamwaga ndoo ya kwanza. Maji yalikwenda vizuri hatua kumi na tano. Yakasimama. Yakatafakari. Kisha yakageuka, yakarudi taratibu hadi miguuni kwangu, yakaelekea nyumbani. Mtaro wangu ulionyooka ulikuwa unapanda mgongo wa ardhi ambao jicho halikuuona. Nikamwaga ndoo ya pili, labda ya kwanza ilikuwa na makosa. Ikarudi nayo. Mke wa sajenti alijifuta machozi kwa kitenge.

"Mukwe, wacha hiyo kamba. Unapandisha maji ku kilima. Imwange, kisha uifuate."

Sauti ilitoka kwenye ua wa majani. Ilikuja kwangu moja kwa moja, haikupitia kwa kuku. Miaka kumi na minne ya ndoa, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Niligeuka bila kufikiri, nikamtazama usoni, na yeye alikuwa ananitazama. Ana macho madogo, na yalikuwa na hasira ya mtu anayeona kazi inaharibiwa. Sote wawili tukatambua kwa pamoja. Mimi nikatazama mtaro, yeye akatazama reli. Karanga zilisimama hewani.

Mke wangu aliweka ndoo chini. "Muzuri," akasema. "Sasa mumefanya."

Kwenye familia nyingine wangeitwa wazee kutoka mbali. Kwetu mke wangu alikuwa mzee, wakili na hakimu. Aliamua jioni ile ile. Mama angepika kwa mikono yake na kunipa, mimi ningempa kitenge, na kuanzia hapo tungeruhusiwa kusemezana habari ya maji, ya ugonjwa na ya kazi. Kula pamoja hapana, na kutazamana kusizidi. Nilipeleka kitenge cha bluu. Ikaja bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Bukama, nikala peke yangu nyuma ya mlango, nimeinamisha kichwa, nikisikia aibu hadi masikioni. Ilikuwa bukari tamu kupita zote nilizowahi kula katika nyumba hiyo, na mwenye nyumba mwingine, yaani mke wangu, naomba asisome mstari huu.

Kesho yake tulianza upya. Mama mkwe alikaa juu ya kigoda kwenye kona ya nyumba, akiwa na beseni. Alimwaga kidogo kidogo. Mimi nilikwenda nimeinama nyuma ya maji na jembe, nikikwaruza pale yalipopita. Yaliposimama, nilikwaruza chini kidogo, yakaendelea. Yalipinda kushoto, yakazunguka mpapai wa mke wa sajenti, yakapita nyuma ya jiko lake, yakajivuta kando ya tuta kama mtu anayetafuta funguo, kisha yakaanguka ndani ya mfereji wa reli. Hatua arobaini zilikuwa zimegeuka kuwa themanini, zote kombokombo. Nilichimba zote themanini. Kando tulipanga vipande vya matofali, na mahali ambapo mke wa sajenti huvuka kwenda barabarani tuliweka mbao mbili nene.

Mvua ndogo za mwezi wa kumi na wa kumi na moja zilipita bila shida. Zile sikuziogopa. Niliyoiogopa ilikuja mwezi wa kwanza, siku ya Jumanne, mke wangu akiwa Bukama na watoto shuleni. Saa nne asubuhi mbingu ilifunguka. Saa sita sikuweza kuiona reli. Nilikaa barzani, mama mkwe akiwa ndani nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na tulisemezana, maana ilikuwa habari ya maji.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Iko ndani ya mtaro. Inakimbia."

Baadaye kidogo: "Iko wapi?"

"Imejaa mtaro. Inakimbia bado."

Kisha nikaona kwamba maji hayakimbii. Yalisimama, yakavimba, yakaanza kurudi. Yakagusa mguu wa mkanda. Yakapanda. Nilikumbuka kitanda, bandeji, treni ya Bukama ikimleta mke wangu na neno lake.

"Imefungika mbele," mama mkwe alisema kutoka ndani. "Fuata."

Nilitoka nikikimbia. Wanaoishi safu yetu wanasema hawakuwahi kuniona nikikimbia, na hawakuamini. Nilifuata mtaro hadi kwenye zile mbao mbili, na hapo nilimkuta mke wa sajenti ameshaingia, maji mapajani, anavuta kitu. Lilikuwa beseni lake kubwa la kukandia unga. Maji yalikuwa yameliokota jikoni, yakalisukuma hadi likakwama chini ya mbao kama kizibo.

"Papa, shika upande ule," akasema.

Nilishika. Tulivuta, halikutoka. Nikalala ndani ya maji nikaingiza mkono chini, yeye akanishika mkanda wa suruali nisichukuliwe, akinitukana kwa Kilingala na mimi nikimtukana kwa Kiluba, kila mtu kwa lugha ambayo mwenzake haielewi vizuri, na kwa hiyo bila ugomvi. Beseni likalegea. Likatoka kwa kishindo. Maji yaliyokuwa yamesimama nyuma yetu yakapita kwa nguvu, yakatuangusha sote wawili, yakaenda. Tulikaa kwenye tope tukiyatazama yanavyokwenda. Yalitoka kwangu, yakatoka kwake, yakatoka nyuma ya jiko lake, yakaporomoka ndani ya mfereji wa reli kwa sauti kama ya watu wanaotoka kanisani. Miaka kumi nimeishi pale, na ilikuwa mara ya kwanza kuona maji yakiondoka kwetu haraka kuliko yalivyokuja.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amegeuza uso kwa adabu, kidole chake kikiuelekea mkanda wa udongo.

"Ilifika hapa," alisema. Palikuwa vidole viwili chini ya ukingo. "Nitapita nyuma. Ingia uone."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, mimi nikaingia kwa wa mbele nikidondosha tope. Nilipiga magoti nikatazama chini ya kitanda chake. Palikuwa na karatasi moja ya daftari iliyoanguka huko, yenye hesabu za mtoto wangu, mbili kati ya tano zikiwa sawa. Nikaishika. Ilikuwa kavu.

Mke wangu alirudi Alhamisi. Habari ya mvua alikuwa ameisikia kituoni, na alikuja kwa haraka, viatu mkononi, akipita nyumba baada ya nyumba zilizoanika magodoro juu ya ua. Kwetu hakukuta godoro nje. Aliingia bila kunisalimu, akagusa sakafu kwa kiganja, akagusa matofali ya chini ya kitanda, akagusa bandeji ya mama yake. Mama yake alimwacha aguse.

"Piga simu ku Kabondo," mama mkwe akamwambia. "Bamupe mudogo yangu shamba yangu ya mihogo. Minyi siende."

Mke wangu alitoka barzani. Alitazama mtaro muda mrefu, toka kona ya nyumba hadi ulipopotelea nyuma ya jiko la jirani.

"Nani alichimba hivi kombokombo?"

"Mimi," nikasema.

"Inaonekana," akasema, akanipa samaki mkubwa kuliko wote aliokuja nao.

Jumamosi hiyo walikuja wa nyumba sita za juu, wenye magodoro mabichi, na wote walitaka kujua kitu kimoja. Tangu hapo mtaro umepanda nyumba kwa nyumba. Kila mtu alitoa kipande cha uwanja alichokuwa amekiinua kwa jasho lake, wengine wakinung'unika, na kila mara ilipofika siku ya kuchimba walinijia mimi nikamwage na kufuata. Sasa natoka nyumbani mara nyingi kuliko mke wangu, na mke wangu anasema kwamba hakuolewa na mzururaji.

Mwezi wa tatu muuguzi alifungua bandeji ya mama mkwe, akakitazama kidonda, akakisafisha, na hakufunga nyingine. Mama mkwe alikataa pikipiki. Alitembea kutoka hospitali hadi kwetu, kitenge cha bluu kiunoni, mvua ikiwa imeanza. Tulimwona anakuja kando ya reli. Alifika kwenye mbao mbili, akavuka polepole kwa miguu yake bila kushikwa na mtu, na maji yalipita chini yake yakikimbilia kwenye mfereji. Mke wangu alikuwa ameketi anachagua samaki, watoto wamerudi kutoka shuleni, nami nilikuwa na mteja mwenye kichwa nusu. Mvua iliendelea kunyesha, na watu wote wa nyumba yangu walikuwa nyumbani.